Dodoso, Mara ya Pili

Maswali yalikuwa ishirini na moja, yamekuja na Kiingereza chake.
Mimi na Mkunde tukapewa wiki moja
kuyavua, kuyavalisha upya.
Neno la kwanza kutusumbua lilikuwa hamu.
Mkunde akataka kiu. Nikamwambia kiu hukatwa kwa maji,
hii haikatwi.
Tukampa mwalimu mmoja wa Kibosho, asiyeona ya awali,
alirudishe lilikotoka. Likarudi likiwa njaa.
Daktari Mrutu akacheka: "Nendeni kwa wenyewe."

Wenyewe wako Njoro, nyuma ya mashine ya kusaga:
kibanda cha mabati, runinga nne, mechi shilingi mia tatu,
pazia ni shuka la hospitali, muhuri bado unasomeka.
Ndani vijana kumi na mmoja na joto la watu thelathini.
Nikasoma swali la tisa: "Unapoacha kucheza,
je, hupatwa na dalili zitokanazo na kuacha?"
Kimya. Vidole vinaendelea.
Kisha mmoja, bila kugeuza shingo:
"Dada, unamaanisha arosto?"

Nikafuta mstari mzima.
Miaka mitatu ya chuo, na neno lilikuwa hapa
linatafuna karanga.

Huyo nitamwita Ndelilio. Kwenye karatasi ni 037,
miaka kumi na minne.
Alijibu upesi, kama anayelipa deni la mtu mwingine:
Kamwe. Kamwe. Mara chache. Kamwe.
La sita, umewahi kujaribu kupunguza ukashindwa? Kamwe.
Oforo mwenye kibanda alikuwa amesimama mlangoni
anahesabu sarafu. Sikulitia hilo maanani.

Siku kumi na nne zikipita unarudi na karatasi ileile.
Ndiyo kanuni: kipimo kizuri, kikipima mara mbili,
kitoe jibu moja, kama mizani ya kahawa kwenye ushirika.
Gunia halijaongezwa, sindano isihame.

Njoro umeme ulikuwa umekatika.
Vijana wametoka nje, wamekaa juu ya matofali,
wanapepesa macho kama vifaranga waliofunuliwa tenga.
Mlima ulikuwa wazi wote, hadi theluji.
Hakuna aliyeutazama. Walitazama nguzo ya umeme.

037 akachukua kalamu, akasogea pembeni peke yake.
Alikaa sana. Alikata mstari, akaufuta kwa mate,
akaurudisha palepale.
La sita: Kila mara.
La kumi na tatu, umewahi kuchukua fedha zisizo zako? Kila mara,
na nje ya kisanduku, kwa herufi ndogo:
*ya luku. mama alilala giza siku tatu*

Ofisini, Daktari Mrutu akageuza skrini nione.
"Huyu anatuharibia. Uwiano umeshuka.
Ama swali bovu, ama mtoto hakuelewa."
Hesabu yake najua ni sahihi.
Najua pia gunia lilikuwa limeongezwa.
Kati ya karatasi na karatasi mtu aliketi gizani
akamsikia mama yake akipapasa ukuta, akitafuta kiberiti.
Hilo tuliite nini? Kosa la kipimo?

Nikaomba abaki. Akabaki, kwa tanbihi.
Alfa ikatoka nukta themanini na moja,
tukapongezana kwa soda na karanga.
Hamu imebaki hamu. Kamati ya istilahi iliirudisha arosto
mlangoni, ikasema ni lugha ya vijiweni,
nami nikaiandika tena, kwa penseli,
kwenye nakala yangu.

Jana nimepita Njoro. Umeme upo, pazia limefungwa.
Sikuingia. Nilisimama nikasikia vidole,
sauti ya manyunyu juu ya majani ya mgomba,
na mtu akauliza ni saa ngapi,
na hakuna aliyemjibu.